Mpiga Ngoma na Wasikilizaji Wake



Tarehe 16 Septemba 1965, Duke Ellington aliingia na bendi yake ya jazi katika Kanisa Kuu la Grace, mjini San Francisco, Marekani, kanisa lililo katika ushirika wetu wa Kianglikana. Alialikwa kupiga muziki wa kumsifu Mungu. Aliyeketi penye ngoma alikuwa Louie Bellson, mtu aliyejulikana kwa kupiga ngoma kubwa mbili kwa miguu, huku mikono yake ikishughulika na ngoma ndogo na matoazi. Muziki ule una mahali ambapo wenzake hunyamaza, naye hupiga peke yake.

Hivi karibuni tuliusikiliza muziki huo katika kikundi chetu cha mafundisho. Ngoma ilipokoma, vijana walipiga makofi na kutaka irudiwe. Mama mmoja alisema amekumbuka radi ya masika na ukuu wa Muumba. Lakini mzee wetu mmoja alikuwa ameinamisha uso. Tulipomwuliza, alijibu: "Wanangu, mimi nilikuwa mpiga ngoma. Nilipoandikishwa kwa ubatizo niliambiwa niiache, nami nikaiacha. Ikiwa ile ni ibada, basi mimi niliacha nini?"

Hatukuwa na jibu, na tangu siku ile swali lake halijatutoka.

Wako wengine waliosumbuka kama yeye. Mwezi wa Desemba 1966, umoja wa wachungaji wa Kibaptisti wa Washington ulikataa kuunga mkono tamasha takatifu la Ellington, kwa kuwa muziki wake ulihesabiwa kuwa wa kidunia. Ni rahisi kuwacheka leo. Lakini Ellington alijipatia jina katika nyumba za starehe, na mtu aliyemwona ndugu yake akipotea katika nyumba kama hizo hasikii ngoma tupu. Husikia na kilio cha mama yake.

Basi sauti ni moja, bali kila msikilizaji huja na maisha yake. Je, tuseme kwamba hakuna la kupima? Hapana. Tumtazame mpiga ngoma mwenyewe. Apigapo peke yake, wenzake wananyamaza lakini hawajaondoka. Wameshika vyombo vyao, wakingoja. Kazi yake ni kuwarudisha pamoja katika wimbo. Akipiga kwa kujionyesha tu hata wakapotea njia, amewaibia. Na karama zetu zipimwe vivyo hivyo, iwe ni kuhubiri, kuimba au kuongoza kikao: je, tukimaliza, wenzetu wanaweza kuingia, au tumebaki peke yetu?

Msikilizaji naye ana kipimo chake. Mikali alichungulia dirishani, akamwona mfalme Daudi akicheza mbele za Bwana, akamdharau moyoni. Hatudhani kosa lake lilikuwa kutopenda kucheza. Kosa lilikuwa ile dharau. Na tuseme kweli, siku ile vijana wetu nao walikuwa dirishani, walipocheka kimya cha mzee kabla ya kujua sababu yake.

Sasa, tumjibu nini? Kwanza tukiri. Katika Kanisa Kuu la Namirembe, Uganda, ngoma ndizo zilizowaita Wakristo ibadani, na Zaburi ya mwisho inayataja matari na matoazi bila haya. Kwa hiyo yawezekana waliomwagiza mzee wetu aiache ngoma walimtwika mzigo ambao Bwana hakuuagiza. Hilo Kanisa lisilifiche.

Pili, alichokiacha hakikupotea. Hakukitoa kwa ajili ya watu wale. Alikitoa kwa Bwana, na Bwana hapokei sadaka kwa kuangalia kwanza kama aliyeiagiza alikuwa na akili timamu. Mtume Paulo alipowaandikia Warumi juu ya wanaokula na wasiokula, aliwakataza kuhukumiana, maana wote wawili walifanya kwa ajili ya Bwana. Hivyo aliyeiacha ngoma asimzuie anayeipiga, na anayeipiga asimwone aliyeiacha kuwa mjinga.

Tulimweleza mzee haya. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nimesikia. Lakini mikono yangu bado inaikumbuka." Hatukuongeza neno.

Ndugu zetu, Jumapili ijayo ngoma itakapolia kanisani, tusikimbilie kupiga makofi wala kukunja uso. Tumwangalie kwanza aliyeketi karibu nasi. Huenda sauti inayotufurahisha sisi ndiyo aliyoilipia yeye, na hakuna aliyewahi kumshukuru.