Amana Haipungui kwa Urefu wa Njia: Mas-ala ya Aibu ya Motokaa Iliyonunuliwa Mbali

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na kuwaharimishia dhuluma. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Katika mambo yaliyoenea zamani hizi ni kuuza na kununua baina ya watu wasioonana. Motokaa zilizokwisha kutumika Japani hushushwa bandarini Dar es Salaam, hupangwa katika yadi, na picha zake hupelekwa kwa simu hata ncha za nchi. Mtu wa bara huchagua kwa picha, hulipa kwa benki, kisha motokaa huletwa kwake na dereva. Jambo hili lina manufaa makubwa, wala kwa asili yake halina ubaya. Lakini limezaa maswali mawili ambayo watu wa pwani, nao ndio wauzaji na madalali na madereva wa biashara hii, hawana budi kuyajibu mbele ya Mola wao kabla ya kuyajibu mbele ya hakimu. La kwanza: je, umbali wa mnunuzi wampunguzia mwuzaji amana iliyo juu yake? La pili: je, aliyedhulumiwa kwa sababu ya umbali huo yuna ruhusa ya kuitua dhuluma yake juu ya mtu mwingine?

Na ili mas-ala yafahamike, ichukuliwe sura moja, na watu wake waitwe Zaid na Amri, kama ilivyo ada ya vitabu vya fiqhi. Wala hakusudiwi mtu maalumu. Zaid ni mkulima wa Songambele, katika wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, wilaya iliyokatwa katika Karagwe mwaka 2012. Nchi yake ni ya vilima, migomba na mibuni. Amri ana yadi Dar es Salaam. Zaid aliweka akiba ya buni misimu mitatu, akaiona picha ya motokaa ya mizigo, akamwuliza Amri kwa simu, "Injini ni nzima?" Amri akajibu, "Nzima kabisa, ni kuweka mafuta na kwenda." Zaid akapeleka shilingi 10,000,000. Motokaa ikatoka pwani, ikapita Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama na Biharamulo, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja, ikafika. Siku ya pili ikapakiwa ndizi, na kilima cha kwanza ikachemsha. Fundi akaifungua, akakuta silinda hedi ina ufa uliokwisha kuzibwa kwa dawa, na maji yameingia katika oili. Akasema, "Ufa huu si wa jana wala juzi." Zaid akampigia Amri simu. Amri akasema, "Ilipotoka kwangu ilikuwa nzima. Nawe umepokea, umeendesha, na risiti yasema imeuzwa kama ilivyo." Tangu siku ile simu ya Zaid haikupokewa tena.

Basi na itazamwe hoja ya Amri, neno kwa neno.

Ama kusema kwake kwamba mauzo yamekwisha kwa kuwa motokaa imepokewa, katika madh-habi ya Imamu Shafii hoja hii ni dhaifu tangu msingi wake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kwamba kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa kuuza kitu kisichoonwa na mnunuzi hakusihi. Kauli ya pili ni kuwa husihi, lakini mnunuzi ana khiyari atakapokiona. Hanafi nao wamejuzisha mauzo hayo pamoja na khiyari hiyo. Kwa kauli ya kwanza, fedha ya Zaid ingali haki ya Zaid mkononi mwa Amri. Kwa kauli ya pili, siku motokaa ilipofika Songambele ndiyo siku khiyari ya Zaid ilipoanza, wala si siku ilipokwisha. Njia yo yote atakayoishika Amri, haimfikishi anakotaka kwenda.

Ama neno "kama ilivyo", wengi hudhani kuwa ni ngao. Wanavyuoni wa Shafii wamelichungua sharti la mwuzaji kujitoa katika aibu zote, na lililo dhahiri zaidi kwao ni kuwa humwokoa katika jambo moja tu: aibu ya ndani ya mnyama, ambayo mwuzaji mwenyewe hakuijua. Sababu yake ni wazi. Mnyama hula na kunywa na hali yake hugeuka, na maradhi yake huenda yakafichika hata kwa mwenyewe. Motokaa si mnyama. Chuma hakijifichi nafsi yake. Akifichaye ni mwanadamu. Na aibu ambayo mwuzaji anaijua hapana sharti limtoalo ndani yake, ikiwa ya mnyama au ya chuma.

Na hapa ndipo ulipo moyo wa mas-ala. Mtume (S.A.W.) alipita penye fungu la chakula sokoni, akatia mkono ndani yake, vidole vikapata majimaji. Alipoambiwa kuwa kimenyeshewa na mvua, aliuliza mbona kilicholowa hakikuwekwa juu watu wakakiona, kisha akamtoa mdanganyifu katika watu wake. Mwenye chakula yule hakusema neno la uwongo. Alipanga tu, kikavu juu na kibichi chini. Hivyo ndivyo ilivyo picha ya motokaa iliyooshwa na kung'arishwa, na ufa uko ndani. Tena mnunuzi wa Madina aliweza kutia mkono wake katika fungu. Mkono wa Zaid haufiki Dar es Salaam. Asiye na mkono wa kutia hana illa ulimi wa mwuzaji. Na kila njia izidipo kuwa ndefu, ndivyo tegemeo la mnunuzi juu ya ulimi ule lizidivyo kuwa kubwa. Basi umbali haupunguzi amana. Umbali huizidisha.

Na asiseme mtu, "Serikali imekwisha kukagua." Ukaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania una kazi yake, na kadi ya motokaa kutoka Mamlaka ya Mapato huonyesha mmiliki ni nani, lakini hapana kati ya hayo limwondoleaye mwuzaji wajibu wa kusema alijualo. Hata katika minada ya Japani motokaa huandikiwa karatasi ya hali yake, na iliyopata ajali ikatengenezwa mara nyingi hutiwa alama ya R. Mwenye kuagiza huweza kuwa na karatasi hiyo katika mtoto wa meza, ilhali mkulima wa Kyerwa hajui hata kama ipo. Kunyamaa kwa mwenye kujua mbele ya asiyejua si kunyamaa. Ni kusema kuwa hapana kitu.

Wala wajibu huu si wa mwuzaji peke yake. Yasimuliwa kuwa Wathila bin Al-Asqai, sahaba wa Mtume, alikuwapo ngamia alipouzwa kwa dirhamu 300. Mnunuzi akaondoka naye, na Wathila ameghafilika. Alipotanabahi alimkimbilia akimwita, akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Alipoambiwa ni kwa safari, alimweleza kuwa unyayo wa ngamia una tundu, hatastahimili mwendo. Mnunuzi akarudi, mwuzaji akapunguza dirhamu 100, akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara yake. Naye akamjibu kuwa wao walimbai Mtume juu ya kumnasihi kila Mwislamu. Wathila hakuwa mwuzaji wala dalali. Alikuwa mtu aliyeona tundu. Basi dalali aliyepata chake, na fundi aliyeuziba ufa ule kwa dawa, na dereva aliyeongeza maji kila kituo tangu Morogoro hata Biharamulo kisha akakabidhi ufunguo bila ya neno, na wamwangalie Wathila anavyokimbia nyuma ya ngamia.

Ama Zaid naye ana wajibu wake, na haki yake huenda ikapotea kwa uzembe. Khiyari ya aibu katika madh-habi ya Shafii ni ya papo hapo, kwa kadiri ya ada: aliye katika sala amalize sala yake, na aliyejua usiku angoje asubuhi. Lakini akijua aibu, kisha akaendelea kubeba ndizi na abiria, ameiridhia. Ilivyo ni kuacha kuitumia, isipokuwa mwendo ulio lazima katika kuirudisha, kama wanavyuoni walivyomwia radhi mwenye kumpanda mnyama mkaidi asiyeongozeka kwa miguu. Na mwuzaji akiwa mbali, Zaid ashuhudishe watu kwamba amevunja mauzo, na alipeleke jambo kwa hakimu. Fundi aandike alichokiona na tarehe yake. Maneno ya simu na stakabadhi ya benki yahifadhiwe. Hayo ndiyo mashahidi wa zamani hizi.

Kisha wasuluhishwe. Kuirudisha motokaa mbovu kutoka Songambele hata pwani ni gharama kwa wote wawili. Njia safi ni wavunje mauzo ya kwanza, kisha, wakipenda, wauziane upya motokaa ile ile kwa thamani yake ikiwa na ufa. Safari hii Zaid ameiona kwa macho na aibu yake anaijua, mauzo yasihi bila ya shaka, na fedha iliyozidi irudi kwake. Na ikiwa imezuka aibu mpya mkononi mwa Zaid hata kurudisha kukazuilika, ndipo ingiapo fidia ya aibu ya zamani. Mfano wake: ikiwa motokaa nzima thamani yake ni shilingi 12,000,000, na yenye ufa ni 9,000,000, basi aibu imepunguza robo, Zaid hurudishiwa robo ya bei aliyolipa, nayo ni 2,500,000.

Amri akikataa sulhu, si kosa kwa Mwislamu kutafuta haki yake mahakamani. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zina milango ya kumlinda mnunuzi. Lakini ajue Amri jambo moja. Wakihitilafiana juu ya ukongwe wa ufa, na Zaid hana ushahidi, fiqhi humsadiki mwuzaji kwa kiapo chake. Huenda basi akaapa akashinda. Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa yeye huhukumu kwa alisikialo, na atakayekatiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja yake, amekatiwa kipande cha moto. Yule ni Mtume, na bado hukumu yake haikuihalalisha haramu kwa mwenye kujua. Itakuwaje hukumu ya mwingine?

Limebaki swali la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza, kwa kuwa humjaribu mtu mwema. Zaid amechoka. Buni ya misimu mitatu imelala chini ya mgomba na haitembei. Siku moja akaja jirani kutoka ng'ambo ya kilima, fedha taslimu mkononi, akasema, "Niuzie." Dawa ya kuziba ufa yapatikana dukani. Shetani akamwambia Zaid, "Wewe ulifanyiwa hivi hivi. Hukuanza wewe."

Jawabu ni hii. Deni la Zaid liko katika dhima ya Amri, wala haliko katika dhima ya jirani. Jirani hakuchukua kitu cha Zaid. Qur'ani imefundisha kuwa mzigo wa nafsi hautwikwi nafsi nyingine. Basi mwenye kuihamisha dhuluma hakuiondoa, ameizaa mara ya pili, na safari hii baba yake ni yeye. Tena akiuza hali anaijua aibu, ameiridhia, na madai yake kwa Amri yameanguka kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi alikuwa mdai mbele ya Mwenyezi Mungu. Jioni amekuwa mdaiwa. Wala hajapata faida, maana alichokipokea si thamani ya motokaa, ni thamani ya kutojua kwa jirani yake.

Na kama Zaid lazima auze, aseme: "Ina ufa, umezibwa, na bei yake ni hii." Atapata kidogo, nacho kidogo hicho ni halali. Kadhalika asizidishe katika madai yake. Ikiwa alipakia kupita kiasi, aseme. Mtume (S.A.W.) amewaahidi baraka wauzianao wakisema kweli na kubainisha, na ameonya kuwa uwongo na kuficha huifuta baraka ya mauzo yao. Ahadi hiyo ni ya wawili, si ya mwuzaji pekee.

Basi enyi wafanya biashara wa pwani, mtu wa Songambele anapopeleka fedha yake kwa mtu asiyemjua uso, amefanya jambo kubwa: amekuwekeni mahali pa macho yake. Mwangalieni kwa macho yake mwenyewe, kama angekuwapo. Na mwenye kununua mbali aweke wakili mwaminifu aione motokaa na afunge mauzo kwa niaba yake, awe na fundi pamoja naye. Maana kuona kwa wakili afungaye mauzo kwamtosha mwenye mali, na ujira wa fundi ni mchache kuliko majuto.

Mwenyezi Mungu azitakase chumo za Waislamu, na awaepushe na mali ambayo mwenyewe yu mbali analia. Amin.