Bei Iliyofichwa



Siku za likizo wengi wetu hupanda bara, wakalala Ruiru, au Thika karibu na maporomoko ya mto Chania. Huambiwa bei ya chumba, wakaridhika. Asubuhi ya kuondoka, hati ya hesabu huja na kodi ya thamani 16% na ushuru wa utalii 2%. Chumba cha shilingi 5,000 kimekuwa 5,900.

Kodi ni haki ya serikali. Kosa ni kuificha. Mwenyezi Mungu, katika Suratun-Nisaa aya ya 29, ameharimisha watu kuliana mali ila kwa biashara ya kuridhiana. Na mtu ataridhia vipi asilolijua? Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta majimaji ndani, akamkanya mwenyewe kwa kuyaficha.

Basi ewe msafiri, kabla ya kupokea ufunguo, uliza jumla ya yote, nawe uandikiwe. Na wewe mwenye nyumba ya wageni hapa pwani, usiwalaumu wa bara tu: je, wageni wako umewaambia yote? Faida iliyofichwa haina baraka.

Wallahu aalam.