Aliyefunga Fundo

Karatasi niliyoletewa nyumbani, hapa Malaba, na mwalimu wa jiografia wa shule wanakosoma wajukuu wangu wawili, naye akiniomba niipitie kabla haijapigwa chapa na kugawiwa wazazi, madhali umri wangu wote nimeumaliza katika makaratasi ya forodha, ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, na robo ya ukurasa huo ilikuwa imeliwa na nembo ya shule. Ilieleza kwamba wanafunzi 40 wa kidato cha tatu watavuka mpaka, wapitie Tororo na Mbale, wapande hadi Sipi katika wilaya ya Kapchorwa, na huko wateremke jabali kwa kamba kando ya maporomoko ya maji; ikataja nauli, ikataja chakula cha mchana, ikataja sare; kisha chini kabisa, juu tu ya mstari wa sahihi ya mzazi, ikasema kwamba shule haitawajibika kwa ajali wala madhara yoyote yatakayomfika mwanafunzi. Niliisoma mara mbili, nikasahihisha herufi tatu, nikamrudishia mwalimu, nikamwambia iko sawa. Kosa hilo nalikiri mapema, ili msomaji asije akadhani kwamba hekima nitakayoisimulia hapa chini ni yangu.

Wala sikuwa na udhuru, kwani kamba si ngeni kwangu. Nilizaliwa pwani, na utoto wangu ulipita katika jahazi la mjomba wangu, ambamo kazi yangu ilikuwa kukumba maji na kutumwa huku na huko, na kabla sijajua kuandika jina langu nilikwisha kujua tofauti ya henza na jarari, na ya amari inayoshika nanga na demani inayoongoza tanga. Mjomba alikuwa na desturi ya kupita chomboni usiku, bila taa, akalipapasa kila fundo kwa vidole vyake, na akiliona moja limelegea hakulikaza mwenyewe hata kidogo, bali alimwamsha aliyelifunga. Zamani hizo nililihesabu jambo hili kuwa ni ukali wa mzee asiyelala.

Sipi, kwa asiyepafahamu, ni mto unaoshuka ubavuni mwa Mlima Elgon upande wa Uganda kwa maporomoko matatu, na lile refu kuliko yote lina kimo cha takriban mita 100, yaani kama minazi minne mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwenziwe. Watu hutoka mbali kwenda kuteremka pale, wakining'inia kwenye kamba huku maji yakivuma ubavuni mwao. Ufundi wenyewe si wa kale sana. Masimulizi ya wapanda milima huunasibisha na kiongozi mmoja wa Chamonix, Ufaransa, Jean Charlet-Straton, ambaye katika miaka ya 1870, alipokuwa akiuhangaikia mlima wa Petit Dru, alitia kamba maradufu kwenye mwamba, akashuka nayo, kisha akaivuta ncha moja ikamfuata chini. Sisi bado hatujaupa jina la neno moja, na sioni haya kwa hilo, maana Waingereza nao walipoutaka waliazima neno la Wajerumani.

Basi wazazi wakaitwa mkutanoni, chini ya mwembe, siku ya Jumamosi. Shule hii iko katikati ya Malaba na Busia, katika nchi ya Wateso, na wazazi wake ni watu wa kila namna: madereva wa malori, wabadilishaji fedha, wakulima wa muhogo, akina mama wa sokoni Busia, na sisi tuliokuja kwa kazi ya mpaka tukasahau kurudi kwetu. Fadhaa ilikuwa kubwa. Mzee mmoja alisema watoto hawapelekwi shuleni kujitupa majabalini. Mwingine akauliza kama somo hilo lipo katika mtihani. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile, nikija mkutanoni, nilipishana na pikipiki iliyobeba watoto wanne wa shule, bila kofia ngumu hata moja, ikipenya baina ya lori la mafuta na lori la saruji. Na jina la bodaboda lilizaliwa hapa hapa kwetu, Busia, zama za baiskeli, vijana walipokuwa wakiwaita abiria kuwavusha kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Hatari tuliyoizoea tumeipa jina la mzaha na nauli ya shilingi kadhaa. Hatari tusiyoizoea tunaiitia mkutano. Nilitaka kuyasema haya, na pengine ningepigiwa makofi, lakini kabla sijanyanyua mkono alisimama mama mmoja anayeuza maharagwe na mahindi kwa jumla.

"Mwalimu," akasema, "mimi nauliza kitu kimoja tu. Hiyo kamba, nani anaifunga?"

"Wataalamu, mama. Huko Sipi wako watu wenye ujuzi."

"Na hao wataalamu hawana majina? Mimi nikipakia gunia zangu kwa lori, namjua aliyezifunga. Zikianguka, najua namuuliza nani. Hapa mmeandika kama mtoto akianguka nisimuulize mtu."

Mkutano ukanyamaza. Mwalimu akanitazama mimi, na mimi nikatazama mwembe.

Kwani ni nani aliyepaswa kuliona hilo kama si mimi? Katika miaka yangu ya kazi, kontena la bidhaa zinazopita kwenda Kampala au Kigali halikuruhusiwa kuondoka Mombasa mpaka apatikane wa kuliwekea dhamana, mtu au kampuni iliyotia sahihi kwamba mzigo ukipotea njiani, ushuru wake wote atalipa yeye. Na dhamana hiyo haikufutwa mpaka mzigo ushuhudiwe kuvuka mpaka. Juu ya dhamana kulikuwa na lakiri, na siku hizi, tangu 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zina mtambo wa pamoja unaofuatilia mizigo kwa lakiri ya elektroniki, inayowatonya maofisa pindi lori likiacha njia yake au mlango ukiguswa. Nimekesha usiku mzima kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa katika hati ya shehena ya mitumba. Hali nikiwa mtu wa namna hiyo, nililetewa karatasi inayowasafirisha watoto 40, wawili wao damu yangu, nayo haikuwa na mdhamini hata mmoja; tena mstari pekee uliozungumza habari ya dhamana ulikuwapo kwa ajili ya kuikana. Nami nikasahihisha herufi tatu.

Tukaanza upya. Mwalimu, ambaye ni kijana mwenye subira na hana kiburi, alimwalika mkufunzi wa mambo ya milima aje shuleni, akatandaza zana zake juu ya turubali, na wazazi waliotaka wakaja kuzishika. Zilikuwapo kamba mbili za unene wa kidole cha shahada, ngumu, zisizonyumbuka kwa kuvutwa, maana kamba inayonyumbuka humfaa anayepanda, ikamdake kwa upole akianguka, lakini anayeshuka huitaka ile iliyotulia. Kwa kamba ya kwanza mtoto hujishusha mwenyewe, ikipita katika chuma chenye umbo la tarakimu nane kilichofungwa kwenye mikanda ya kiunoni na mapajani, na mkono wake wa chini, ukiwa nyuma ya nyonga, ndio breki. Akiuinua mkono huo kwa hofu, kama kila mtu anavyotaka kuuinua, kamba hukimbia. Ya pili haimhusu mtoto. Hiyo hushikwa na mkufunzi juu, ikimfuata mtoto kimya, ili ya kwanza ikimponyoka asiende popote. Pale kamba zinapofungiwa jabalini, mkufunzi alipaita nanga, na moyo wangu ukafurahi kusikia neno hilo mbali na bahari namna hii. Nanga zilikuwa tatu, zimegawana uzito, kusudi moja ikishindwa mbili zibaki. Ukingoni, penye makali, hulazwa kipande cha zulia kuukuu ili mwamba usiile kamba. Wasichana hufunga nywele na kuchomekea mitandio, kwani chuma kile cha nane hakichagui baina ya kamba na shungi. Yule mama aliishika kamba, akaikunja, akaipima kwa meno, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa maharagwe mazuri kuliko bei yake.

Ilitakiwa watoto wajaribu kwanza mahali padogo. Kulikuwa na waliotaja Kakapel, kule Teso Kaskazini, penye mapango ya michoro ya kale, lakini hapo ni turathi ya taifa, na ardhini mwake wataalamu wamechimbua kunde iliyolimwa yapata miaka 2,300 iliyopita. Mahali palipohifadhi kunde muda wote huo hapastahili kukanyagwa na jozi 40 za viatu vya mpira kwa ajili ya mazoezi. Tukapata jabali jingine, la kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, katika shamba la mzazi mmoja upande wa Amukura.

Huko nikaona jambo ambalo karatasi zetu zote mbili, ya kwanza na ya pili iliyokuwa ikiandikwa, zilikuwa hazijalifikiria. Hatua ya kwanza ndiyo yote: mtu husimama ukingoni akilipa bonde mgongo, kisha hutakiwa kurudi kinyumenyume na kuegemea hewa, jambo ambalo mwili mzima hulikataa. Mjukuu wangu wa kike alisimama pale akitetemeka, midomo ikimcheza kama anayesoma dua, kisha akaegama, akashuka. Kaka yake, mlinda lango wa timu ya shule, kijana wa kifua, alifika ukingoni, akatazama chini, akasema hataki. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nimwambie ajikaze, yeye ni mwanamume, mkufunzi akaniwahi, akamfungua mikanda kwa utaratibu ule ule aliomfungia, akamwambia, "Vizuri. Nenda ukamshikie mwenzako kofia." Hakucheka mtu. Maneno yangu nikayameza, na hata leo nashukuru hayakutoka. Tulipokaa kuandika, tukaongeza sharti: atakayekataa ukingoni atarudi bila kuulizwa sababu, na mtu mzima mmoja atakuwa pale juu kwa ajili yake.

Katika mazungumzo ya siku ile mwalimu alinisimulia habari ya Lawrence Holt, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni ya meli ya Blue Funnel, ambaye wakati wa vita na Hitler alisikitishwa na mambo yaliyokuwa yakitokea katika Atlantiki: meli ikizamishwa, mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wakifa katika mashua za kuokolea, ilhali wazee waliochoka wakisalimika. Mwaka 1941 yeye na Kurt Hahn, mwalimu aliyetiwa gerezani Ujerumani mwaka 1933 kisha akahamia Uingereza, wakafungua shule Aberdovey, katika Wales, ya kuwafunza vijana kustahimili, wakaiita Outward Bound, kwa usemi wa mabaharia wa chombo kinachong'oa nanga kuelekea bahari kuu. Na mwaka 1952 shule ya jina hilo ikafunguliwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, upande wa Kenya. Mjomba wangu hangeistaajabia habari hiyo. Lakini nadhani angeuliza ni nani aliyezifunga mashua.

Mambo ya mpaka yalitupa kazi kuliko jabali. Tangu 2014 raia wa Kenya huvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho chake tu, lakini mtoto wa miaka 16 hana kitambulisho, hivyo zikahitajika hati za kusafiria za muda, idhini za wazazi, na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Na ni ajabu yetu ya siku zote kwamba nusu ya watoto hao wana bibi zao Tororo, nao huenda kuwatembelea Jumapili kwa njia za panya bila kuonyesha karatasi kwa mtu. Mpaka huu ulipochorwa, Wateso hawakuulizwa. Tukashauriana tupite Malaba au Busia, ambako kituo cha pamoja kilizinduliwa na marais wawili Februari 2018. Busia ikashinda, kwa sababu ya foleni ya malori. Tukakubaliana pia basi lilale Mbale badala ya kurudi usiku, gharama ikaongezeka, baadhi wakanung'unika. Tukaahirisha safari hadi masika yaishe, jabali likauke.

Karatasi ya pili ilikuwa na kurasa tatu, na ule mstari wa kukana ulikuwa umeondolewa. Mahali pake palikuwa na orodha: mfunga nanga, mkaguzi wa mafundo, mshika kamba ya pili, dereva, mwalimu mwenye dawa, kila mmoja na jina lake na sahihi yake. Yule mama aliipokea mkutanoni, akaisoma kwa sauti, polepole, jina baada ya jina, kidole kikifuata mstari, mpaka akafika mahali palipoandikwa: mtu mzima atakayekaa juu na wasiotaka kuteremka. Hapo palikuwa patupu.

Akainua macho, akawapitia walimu, akawapitia wazazi, akanikuta mimi.

"Mzee, si wewe ulisema ulikuwa baharia?"

Nikamjibu kwamba sikuwa baharia, nilikuwa mtoto wa kukumba maji. Akanisogezea kalamu.