Je, Mchoraji Hudaiwa na Mahali Anapochora?



Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii yawafaa sana wachoraji, maana wengi wao hupata mawazo ya kazi zao kwa kutembea, na hasa kwa kutembea mahali pa kale wakiongozwa na mwenyeji. Lakini liko swali moja ambalo methali haikulijibu: kile ulichookota njiani ni cha nani? Twataka kulitazama swali hilo kwa kufikiria mahali tunapopajua, yaani Kolo, katika wilaya ya Kondoa.

Kolo iko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati, mbele ya mji wa Kondoa. Katika vilima vya huko yako majabali makubwa yaliyoinama kama paa la nyumba, na chini yake watu wa kale walichora. Walichora twiga, tembo na pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu. Michoro mingi ni ya rangi nyekundu, nayo ni ya wawindaji wa zamani. Ile myeupe ilichorwa baadaye na watu waliolima na kufuga. Bibi Mary Leakey na mumewe Louis walifanya kazi huko mwaka 1951 wakiinakili, na mwaka 1983 Bibi Leakey alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Mwaka 2006 UNESCO iliitia michoro ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tulipokuwa tukifundisha sanaa katika chuo cha ualimu, tuliwapeleka wanachuo wetu huko wakajifunze kuchora. Mzee mmoja mwenyeji alituongoza kupanda. Kijana mmoja, hodari kuliko wenzake, aliona michoro imefifia, akafungua chupa yake ya maji ili aulowanishe mwamba, rangi zipate kung'aa. Mzee akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, maji hayo yataondoka na kitu." Sisi walimu tuliona haya, kwa kuwa hatukuwa tumewaonya.

Jioni, tulipokuwa tukishuka, mzee alitwambia neno lingine. "Mwalimu, wageni wengi wamechora hapa. Sijaona hata karatasi moja iliyorudi." Hakusema kwa hasira. Tulicheka kidogo, tukamshukuru, tukapanda gari. Michoro ya vijana wetu ilitundikwa katika ukumbi wa chuo, kila mmoja na jina lake, na aliyenakili vizuri kuliko wote akapewa alama za juu. Jina la Kolo halikuandikwa popote. Wala hatukurudisha hata karatasi moja.

Wako watakaosema kwamba hakuna deni. Watasema, macho hayalipiwi ushuru. Aliyetazama mlima hakuupunguza, na mchoraji ni lazima awe huru, maana mtu wa kumwelekeza huku na huku humfunga mawazo. Neno hili lina ukweli ndani yake. Nasi tumepata kuwaona waongozaji wasemao mambo yale yale kila siku, kama mtoto akariripo somo, hata mgeni akaacha kutazama kwa macho yake mwenyewe.

Hata hivyo twaona kwamba jicho lisiloambiwa neno huona kidogo. Iko Kolo picha ya watu watano: wa katikati ameshikwa na wengine, wawili upande huu na wawili upande huu. Bibi Leakey alidhani kwamba ni mtu anayenyakuliwa. Wataalamu wa baadaye, wakiikumbuka ngoma ya uponyaji ya Wasandawe iitwayo simbo, walisema labda ni mtu aliyepandwa na nguvu za ngoma, na wenzake wanamshikilia. Picha ni ile ile. Basi mchoraji apitaye bila kuuliza aweza kuchora ugomvi mahali palipokuwa na huruma, au huruma mahali palipokuwa na ugomvi. Hatusemi kwamba mwongozaji ndiye mwenye neno la mwisho, kwani hata wataalamu hawapatani. Twasema tu kwamba kuuliza si ujinga, na uhuru wa msanii haupungui kwa kusikiliza kwanza.

Tena liko jambo zito zaidi. Katika mwamba uitwao Mungomi wa Kolo, wenyeji wamekuwa wakienda kutambika, kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Sisi Wakristo hatuendi huko kutambika. Lakini kutotambika hakutupi ruhusa ya kupiga kelele, kukalia mawe yao, au kuchora vyombo vyao bila kuomba. Ikiwa hatupendi mgeni aingie kanisani kwetu wakati wa Ushirika na kuanza kupima madhabahu kwa kamba, tuwatendee wengine vivyo hivyo. Wako waliochimba hata chini ya miamba hiyo wakitafuta mali wanayosema ilifichwa na Wajerumani. Hao twawalaumu upesi. Je, achukuaye picha na kwenda zake bila kuaga, tofauti yake nao ni kubwa kiasi gani? Ipo, maana yeye hakuacha shimo. Lakini wote wawili walipaona mahali pale kuwa ghala tu.

Basi deni hulipwaje? Kwanza, kwa kuomba ruhusa na kumfuata mwenyeji kwa adabu. Pili, kwa kutaja. Picha iliyozaliwa Kolo iandikwe Kolo, na aliyekuongoza atajwe, kama mwenyewe aridhia. Tatu, kwa kutonakili tu. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Kilimanjaro, alifundisha kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Naye mwishoni mwa miaka ya 1950 alipochora habari za Bwana wetu katika kuta za kanisa la Kianglikana huko Murang'a, Kenya, hakuleta sura za Ulaya. Aliweka watu wa huko na vilima vya huko. Huyo alipokea kutoka katika nchi, akaizalia kitu kipya, akakiacha pale pale watu wakione. Sisi tuliwapa vijana wetu alama kwa kunakili, na leo twakiri kwamba tulikosea.

Nne, kwa kurudisha. Mwaka jana, tukiwa tumestaafu, tulikuta katika sanduku la zamani karatasi tatu za safari ile. Tulizipeleka Kolo. Mzee wetu alikuwa amekwisha kufariki, na mwanawe ndiye aliyetupokea. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nyingine ziko wapi, Mwalimu?" Tulinyamaza, maana hatukuwa na jibu. Nyingine ziliharibika kwa mvua na mchwa ukumbini, na nyingine walikwenda nazo wenyewe.

Kwa hiyo, ninyi vijana wa mitaa yetu mnaopenda kuchora, nendeni. Tembeeni milimani, mfuateni mwenyeji, mwulizeni, kisha mchore kwa mikono yenu wenyewe. Lakini kabla ya kupanda gari kurudi, mwambieni ni lini mtarudi na karatasi, na siku hiyo ikifika, mrudi. Deni la namna hii halina mtu wa kulidai, na kwa sababu hiyo ni rahisi kulisahau hata mwenye nalo akafa.