Maumivu Yasiyo na Jeraha

Mtu akianguka mnazini akavunjika mguu, kijiji kizima hukusanyika. Huyu huleta kitanda, yule hutafuta chombo cha kumvusha, na jamaa hugawana kazi ya shamba lake mpaka apone. Hakuna amwulizaye kama kweli anaumwa. Lakini yuko mwingine ambaye mwili wote humwuma kwa miezi na miaka, hali hana kidonda wala uvimbe wala homa. Wiki ya kwanza hupewa pole. Mwezi wa pili hutazamwa tu. Mwaka wa pili huitwa mvivu. Swali letu la juma hili ndilo hili: kumwamini mtu wa namna hiyo ni hisani yetu, au ni haki yake anayotudai?

Tulitazame swali hili mahali ambapo uzito wake huonekana wazi. Kiongoroni ni kata ya Wilaya ya Kibiti, katika delta ya Mto Rufiji, ambako msitu wa mikoko umeenea hekta zipatazo 53,000. Huko mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na safari hungoja maji: yakijaa chombo hupita, yakipwa hukwama topeni. Riziki hupatikana kwa nguvu za mwili, katika kulima mpunga, kuwinga ndege, kuvua kamba na kaa. Basi mfikirie mama wa huko aamkaye kila alfajiri kana kwamba alipigwa usiku kucha. Amelala, lakini usingizi haukumpumzisha. Akiinama kupanda mpunga mgongo humwaka, akibeba ndoo mabega humchoma, na mara nyingine husahau hata neno alilotaka kusema. Hutoa nauli ya mashua na ya gari mpaka hospitali. Hupimwa damu, hupigwa picha ya mifupa, kisha huambiwa, “Mama, huna ugonjwa.” Hurudi nyumbani na neno hilo, nalo huwa hati ya mashtaka juu yake. Mume husema alijua tangu zamani. Wifi husema anajidai. Wengine hunong’ona habari za uchawi, na mbuzi wawili huuzwa kumlipa mganga.

Yafaa tujue kwamba neno lile, “huna ugonjwa,” si la kweli. Liko gonjwa ambalo madaktari huliita fibromialjia. Humletea mtu maumivu ya mwili mzima, uchovu usiokwisha, usingizi usioburudisha na mawazo yenye ukungu. Huwapata wanawake zaidi, ingawa wanaume nao hawakuachwa. Vipimo vya damu na picha za mifupa haviwezi kulionyesha, kwa maana kasoro haimo katika mfupa wala katika kiungo. Imo katika jinsi mishipa ya fahamu na ubongo vinavyopokea habari za maumivu na kuzikuza kupita kiasi. Ni kama ngoma iliyokazwa mno, ambayo hata kidole kikiigusa hulia kwa kishindo. Kishindo hicho ni cha kweli. Tena orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, imeyapa nafasi yake yenyewe maumivu sugu, yaani yale yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3.

Wala si jambo geni kwetu kwamba mgonjwa ajue kabla ya chombo cha daktari kujua. Mwaka 1952 maradhi mapya yalizuka huko Newala, katika uwanda wa juu wa Wamakonde. Watu walishikwa na homa na maumivu makali ya viungo hata wakajikunja. Wenyeji hawakungoja maabara. Walimtazama mgonjwa wakayaita maradhi hayo kwa neno la lugha yao lenye maana ya kujikunja: chikungunya. Kirusi chake kilipatikana baadaye, na habari zake zikaandikwa na wataalamu mwaka 1955. Leo madaktari wa dunia nzima hulitumia neno lile la Kimakonde. Huo ni ugonjwa wa namna nyingine, uletwao na mbu, ingawa nao huwaachia wengine maumivu ya miezi au miaka. Lakini fundisho lake latufaa: kutoonekana kwa kitu si kutokuwapo kwake.

Atasema mtu: “Lakini waongo wapo. Tukimwamini kila alalamikaye, nani atakwenda shamba?” Neno hili tusilidharau, kwa maana mwenye njaa hahesabu huruma, huhesabu vibaba. Waongo wapo kweli. Lakini tupime hasara mbili. Tukimwamini mwongo, tumepoteza siku kadhaa za kazi, na siku moja atajulikana. Tukimkana msema kweli, tumemwongezea maumivu ya pili juu ya yale ya kwanza, nayo haya tumeyatengeneza sisi wenyewe. Tena tujiulize: mtoto asemapo ana njaa, twampasua tumbo tuone? Twamwamini kwa sababu nasi tuna matumbo. Basi mbona juu ya maumivu twataka ushahidi tusioutaka juu ya njaa? Wahenga walikwisha kutuonya: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo twasema kwamba kumwamini ni haki. Hisani hutolewa na mtu anapopenda, na huweza kukoma anapochoka. Haki haichoki. Maumivu hayana shahidi mwingine ila yule ayasikiaye. Tukimkataa shahidi huyo pasipo sababu, kesi nzima tumeiharibu kabla ya kuisikiliza.

Wasomaji wetu wawakumbuke rafiki za Ayubu. Walipomwona katika mateso yake, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku wala hawakusema neno. Hadi hapo walikuwa rafiki kweli. Kosa lao lilianza walipofumbua vinywa kumweleza kwamba lazima amekosa, la sivyo asingeteswa. Na mwishoni Mungu aliwakemea wao. Wangapi wetu hutaka kumfafanulia mgonjwa maumivu yake kabla ya kuketi naye hata siku moja?

Lakini kuamini hakutoshi pasipo matendo. Wenye nyumba wagawane kazi upya: aliyeshindwa kuinama shambani aweza kupeta mchele akiwa ameketi, na asinyang’anywe kila kazi kana kwamba amekwisha kufa. Daktari aseme, “Vipimo vyangu havikuona,” asiseme, “Huna kitu.” Naye mgonjwa ana wajibu wake. Asifiche, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Viungo vikivimba, homa ikija au mwili ukikonda, arudi hospitali, huenda ni jambo jingine. Ajue kwamba fibromialjia hailemazi viungo, na kwamba kutembea kidogo kila siku na kuongeza polepole humfaa kuliko kulala kutwa. Asiimalize nguvu yote siku aonapo nafuu, akalala siku tatu zinazofuata. Mwendesha chombo wa delta hashindani na maji kupwa, hupanga safari yake kwa maji yalivyo. Dawa zipo, kama amitriptilini kidogo usiku kwa amri ya daktari. Bali kumeza vidonge vikali vya maumivu vya dukani kila siku, pasipo kipimo, huweza kuumiza tumbo na figo, na maumivu haya huyapunguza kidogo tu.

Wako Wakristo wadhanio kwamba kutafuta nafuu ni kuukimbia msalaba. Wasidhani hivyo. Papa Pius XII alipozungumza na madaktari tarehe 24 Februari 1957 alifundisha kwamba ni halali kutumia dawa za kutuliza maumivu. Kuvumilia lisiloondoleka ni fadhila. Kumnyima mtu nafuu iliyopo, kisha kumhubiria uvumilivu, ni ukatili uliovaa kanzu ya dini.

Majirani wa yule mama wa Kiongoroni wengi ni ndugu zetu Waislamu, wala maumivu hayaulizi mtu amebatizwa wapi. Katika kila mtaa na kila kigango yumo mmoja aliyeacha kusema kwamba anaumwa, kwa sababu amechoka kutosadikiwa. Pengine yumo katika nyumba ya msomaji wetu. Aulizwe tena leo, na safari hii jibu lake lisikilizwe mpaka mwisho.