Tusikilize Kwanza

Sisi Wakimbanguisti tunajua maneno yetu matatu: bolingo, mibeko, misala, ndiyo upendo, amri, kazi. Upendo unatangulia kazi.

Pale Yeriko, kila mtu aliona kwamba Bartimayo ni kipofu. Walakini Yesu alimwuliza kwanza anataka nini (Marko 10:51). Yeye anayejua yote aliuliza. Sisi tusiojua, mbona tunakata shauri mbele ya kusikia?

Kapita akiona mfanyakazi anachelewa, husema ni mvivu. Akimwuliza kwa upole, kisha akanyamaza, labda atasikia habari ya mtoto mgonjwa, ama ya mshahara uliokawia, hata anatembea kwa miguu toka mbali. Adhabu haiponyi hayo.

Basi tuulize, tusikilize, halafu tusaidie. Amina.