Matendo Ndiyo Katekisimu ya Nyumbani



Hapa Illasit, chini ya Mlima Kilimanjaro, mtoto wa Kimaasai hafundishwi kuchunga kwa hotuba. Huanza na ndama na watoto wa mbuzi karibu na boma, akimfuata kaka yake na kutazama. Katika mashamba ya nyanya na vitunguu ni vivyo hivyo: mtoto huelekeza maji ya mfereji kama alivyomwona mama yake akifanya. Mbona basi katika ndoa tunategemea maneno matupu?

Bwana anamhubiria mkewe juu ya kubana matumizi, naye mwenyewe hasemi ng'ombe aliuzwa kwa shilingi ngapi. Bibi anawaagiza watoto wawe na heshima, huku akimjibu baba yao kwa ukali mbele yao. Watoto husikia mengi, lakini hushika yale wanayoyaona.

Katika Injili hakuna hata neno moja la Mtakatifu Yosefu lililoandikwa. Tunaambiwa tu kwamba aliamka, akamchukua Maria, na baadaye akakimbia pamoja naye na Mtoto mpaka Misri. Naye Bwana Yesu, kabla ya kuwapa mitume amri ya kupendana, alijifunga kitambaa akawaosha miguu (Yn 13).

Majirani zetu wa Rwanda, Cyprien na Daphrose Rugamba, walifunga ndoa mwaka 1965. Mume aliiacha imani, na nyumba yao ikawa baridi kwa miaka mingi. Daphrose hakumshinda kwa mabishano, bali aliendelea kusali na kutenda wema. Mwaka 1982 Cyprien alimrudia Mungu, akaanza upya na mkewe. Baadaye wakawasaidia watoto wa mitaani wa Kigali. Waliuawa tarehe 7 Aprili 1994 pamoja na watoto wao sita, na mwaka 2015 Kanisa lilifungua kesi ya kuwatangaza wenye heri.

Mfano huu si amri ya kuvumilia kipigo. Anayeumizwa atafute msaada mapema.

Juma hili, jaribuni mambo matatu. Fedha za mauzo ziwekwe mezani, mzihesabu pamoja. Anayelalamika kwamba familia haisali, awe wa kwanza kupiga magoti. Na aliyekosa aombe msamaha watoto wakiwapo, kwa maana nao siku moja watakuwa na ndoa zao.